Mtoto anaandika 400007006 badala ya 40,706: nilivyomsaidia wangu

Mkuu, umesema ukimtajia kijana wako wa darasa la nne "elfu arobaini, mia saba na sita" anakuandikia 400007006, na ukimsahihisha anauliza: sifuri si kitu tupu, sasa ikizidi au ikipungua kuna ubaya gani?

Usimgombeze. Binti yangu alifanya hivyo hivyo, na nilipotulia kumtazama nikaona masikio yake hayana tatizo. Aliandika 40000, akabandika 700, akamalizia na 6. Kila alichosikia kipo pale.

Mdomo hautaji sifuri. Ukisoma 40,706 husemi "makumi hakuna", unaruka tu. Karatasi hairuki, maana tarakimu inajulikana kwa mahali ilipokaa. Ile 7 ni mia saba kwa sababu kulia kwake kuna viti viwili, cha makumi na cha mamoja. Kiti cha makumi hakina mtu, lakini kitoe uone: inabaki 4,076. Saba imekuwa sabini, na elfu arobaini imeshuka hadi elfu nne. Hilo ndilo jibu la swali lake. Na neno lenyewe, sifuri, limetoka kwenye Kiarabu, maana yake "tupu". Wababeli wa kale, waliohesabu kwa sitini, kwa muda mrefu waliacha pengo tu, msomaji akisie. Kwa hiyo mwanao hajachanganyikiwa na jambo dogo.

Maelezo peke yake kwangu hayakusaidia. Kilichosaidia ni vipande vya karatasi. Nilikata kirefu nikaandika 40000, kifupi zaidi 700, na kidogo kabisa 6, tarakimu zote upana mmoja. Nikamwambia avipange kimoja juu ya kingine, ncha za kulia zilingane. 700 ikafunika sifuri tatu za mwisho, 6 ikafunika moja ya 700. Akasoma kilichobaki juu: 4, 0, 7, 0, 6. Akanyanyua ile 6, akachungulia chini, akairudisha. Akanyanyua tena. Nadhani alikuwa anahakikisha sifuri bado ipo! Siku hiyo sikuongeza neno.

Namba zikifika milioni, mfundishe kugawa kwa tatutatu kuanzia kulia. Kundi la kwanza kushoto linaweza kuwa na tarakimu moja au mbili. Mengine yote lazima yatimie tatu. Milioni saba, elfu thelathini, hamsini na mbili: wengi huandika 7,30,52. Makundi mawili hayajatimia, na sifuri zinaingia mbele ya 30 na mbele ya 52: 7,030,052. Akijiuliza tu "kila kundi lina tatu?" atajikamata mwenyewe.

Halafu kuna mtego ambao sisi wakubwa ndio tunautega. "Elfu ishirini na tano" ni ngapi? Wengi watasema 25,000, lakini hata 20,005 hutamkwa hivyo hivyo. Kazini niliwahi kusomewa hesabu ya vipande vilivyomo ghalani, nikaandika 64,000. Kitabuni ilikuwa 60,004. Tuliitafuta tofauti ile nusu siku, na mimi ndiye niliyekuwa na kelele kuliko wote. Tangu hapo nasema "ishirini na tano elfu" au "ishirini elfu, na tano", tena napumzika kidogo hapo katikati. Unapomtajia namba za imla, uwe mwangalifu na hilo kabla hujamwekea alama ya kosa.

Juzi nilijisahau. Nikamtajia binti yangu "elfu thelathini na sita". Akaweka penseli chini: "Baba, thelathini na sita elfu, au thelathini elfu halafu sita?"