Maswali ya Wafugaji: Funza wa Unga kwa Kuku wa Nyumbani

SWALI: Nina kuku 12 wa mayai. Nilipata glasi moja ya funza wa unga nikawaweka kwenye ndoo yenye pumba na vipande vya tikiti ili wazaliane. Sasa pumba zimeota ukungu, zinanuka, na funza wengi wamekufa wakiwa weusi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole kwa hasara hiyo. Kilichowaua ni unyevu. Funza huyu, ambaye ni mtoto wa mbawakawa, ni mdudu wa pakavu, na maji kidogo anayohitaji huyapata kwenye karoti au kiazi mviringo. Tikiti hulowesha pumba, nazo zikishalowa huota ukungu, kisha huja utitiri, ambao kuwaondoa ni kazi. Ndoo nayo ilichangia, kwa sababu funza hurundikana chini, joto lao hupanda na mvuke hauna pa kutokea.

Zitupe pumba hizo zote. Chagua funza wazima, wenye rangi ya dhahabu na wanaojinyonganyonga ukiwagusa, uanze upya kwenye beseni pana la plastiki lenye kuta laini zisizopungua sentimita 15. Ukuta laini hawaupandi. Weka pumba za ngano kina cha sentimita 5. Kwanza zikaange kwa moto mdogo, ukigeuza, mpaka zipate moto kotekote, kisha ziache zipoe kabisa. Hapo umeua utitiri na mayai ya wadudu wengine. Pumba za mahindi yaliyotiwa dawa ya kuhifadhia nafaka usiziguse: dawa inayoua dumuzi inaua na funza wako.

Karoti ikate vipande vyembamba, iache ikauke juu, kisha iweke juu ya kipande cha trei ya mayai, isigusane na pumba. Nusu karoti kila baada ya siku mbili inatosha kwa glasi moja ya funza. Kilichobaki kitoe kesho yake. Funika beseni kwa chandarua, na miguu ya meza isimamishe kwenye makopo ya maji. Sisimizi wakiingia usiku mmoja, asubuhi hukuti kitu.

Kuzaliana kunataka mabeseni matatu. Funza akikomaa hugeuka pupa mweupe asiyekula wala kutembea, hutikisa mkia tu. Wenzake wenye njaa humtafuna, kwa hiyo kila baada ya siku mbili waokote pupa uwaweke peke yao. Baada ya wiki moja hadi mbili hutoka mbawakawa, mwanzoni mweupe, kisha kahawia, mwishowe mweusi. Hao waweke beseni la tatu. Kila wiki mbili wachekeche, uwahamishie pumba mpya. Pumba walizotoka usizimwage! Mayai yamo humo, madogo mno kuonekana. Watu wengi hukata tamaa hapa, wakidhani hakuna kitu, kumbe baada ya wiki tatu nne utaona pumba zinacheza.

Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28, yai hadi funza wa kulisha ni miezi mitatu hivi. Kwenye baridi, kama Njombe au Mbeya, watachelewa zaidi. Chini ya mabati yasiyo na dari hufa kwa joto.

SWALI: Kwenye maranda ya banda nimekuta funza wanaofanana na hao. Niwafuge?

JIBU: Hapana. Hao ni jamaa zao wadogo: funza wao hafiki sentimita mbili, na mbawakawa wake ana milimita 6 hivi. Huweza kubeba salmonela na virusi vya magonjwa ya kuku ya Gumboro na Mareks kutoka kundi moja hadi jingine. Toa maranda yote, uyapeleke mbali na banda, ukaushe sakafu kabla ya kuweka mapya.

SWALI: Kuku mmoja apewe wangapi?

JIBU: Kijiko kimoja cha chakula, mara mbili au tatu kwa wiki. Wana mafuta mengi na kalsiamu kidogo sana, kwa hiyo kuku anayetaga akishibishwa funza huacha chakula chake na ganda la yai hulainika. Weka chokaa ya mifugo pembeni. Vifaranga wape funza wadogo tu, wakiwa tayari wanapata changarawe laini. Kama unatafuta mbadala wa dagaa kwenye chakula cha kila siku, funza wa unga hawatakutosha. Fuga funza wa nzi chuma (black soldier fly), ambao hula mabaki ya jikoni na kukomaa kwa wiki mbili tatu.