Usitoke Uwanjani Kabla ya Kipenga cha Mwisho

Kijana mmoja wa Nkuhungu ameniandikia akiuliza kama kuna haja ya kutoa nauli na kiingilio kwenda Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma kuitazama Dodoma Jiji, timu ya mji wetu, ilhali mchezo huohuo unaonekana kwenye kibanda umiza cha mtaani kwao kwa bei ndogo. Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikuwa jukwaa la mzunguko, na sauti yangu hadi leo haijarudi sawasawa.

Tulikuwa nyuma kwa bao moja tangu kipindi cha kwanza, jua likitupiga usoni na upepo ukitujaza vumbi machoni. Ilipofika dakika ya 80, watu wa safu ya chini yangu walianza kuinuka mmoja mmoja, wakikung'uta suruali na kusema wanawahi bodaboda. Mimi nilibaki, na sababu ya kubaki ina uchungu wake. Msimu uliopita niliondoka mapema nikiwa na mwanangu, tukawa tumeshafika barabarani pale kelele zilipolipuka nyuma yetu. Mtoto alisimama, akaniuliza, "Baba, ni sisi?" Tulikuwa sisi, na bao lile hakuliona kwa sababu yangu.

Safari hii tulisawazisha dakika ya 88 kwa kichwa kilichotokana na kona. Mzee aliyekaa kando yangu, ambaye alikuwa na redio ndogo sikioni muda wote, alinishika mkono na hakuuachia tena. Katika dakika za nyongeza winga wetu alimpita beki, akapiga krosi ya chini, mpira ukamgonga kipa na kumrudia mshambuliaji wetu, naye akaumalizia wavuni. Muuza karanga alikuwa ameweka sinia lake chini ili atazame, na vifuko vyake vya karatasi vikakanyagwa vyote huku mwenyewe akikumbatiana na watu asiowajua. Kelele zilipopungua, yule mzee alimpa noti ya shilingi elfu mbili, na wengine tukaongezea.

Kwa hiyo, kijana wangu, nenda. Fika mapema, vaa kofia, na ukae mpaka mwamuzi amalize mchezo, hata kama mmefungwa. Ligi Kuu yetu ina timu 16, maana yake timu ya nyumbani hucheza michezo 15 tu katika uwanja wake kwa msimu mzima, na kila unapoondoka mapema unaipunguza michezo hiyo kwa hiari yako.

Na jambo hili nalisema kwa moyo wote: Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji, walipanda Ligi Kuu mwaka 2020, baada ya miaka ambayo wengi wetu tuliishi hapa tukishangilia timu za Kariakoo, Simba na Yanga, peke yake. Inaniumiza kuona timu hizo zikija, nusu ya uwanja ikageuka ya wageni, na vijana waliozaliwa Makole na Chang'ombe wakamzomea kipa wa mji wao. Penda timu uliyoirithi kwa baba yako, sikukatazi, lakini siku inapocheza na Dodoma Jiji hapa nyumbani, kaa upande wa nyumbani na upige kelele za nyumbani.

Mchezo ujao wa Jamhuri nitakuwa mzunguko na mwanangu, naye amekwisha kuniapisha kwamba hatutainuka.