Chai ya mboji kunuka yai viza

Ndugu, umeuliza kama chai ya mboji (maji ya kumwagilia mimea, yaliyolowekwa mboji huku pampu ikiyapulizia hewa) inayonuka yai viza baada ya siku mbili bado inafaa. Haifai, usiimwagie miche. Harufu hiyo maana yake oksijeni iliisha, bakteria wasiohitaji hewa wakaiteka ndoo. Mimi nashuku molasi, ile sharubati nzito ya miwa inayolisha vijidudu: kwa lita 20 za maji, vijiko viwili vya chakula vinatosha. Ukizidisha, vijidudu huzaliana hadi pampu inashindwa kuwatosheleza hewa. Mfuko wa mboji nao usiushindilie. Uning'inize legelege juu ya mapovu. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke. Kati ya saa 24 na 36 inukie udongo uliolowa mvua, uitumie siku hiyohiyo. (Mboga za kuliwa mbichi mimi sizinyunyizii kabisa.)