Mwani kwenye tangi la matumbawe: maswali yenu

Tangi langu lina wiki tatu, mchanga umejaa vumbi la kahawia. Niweke dawa gani?
Usiweke dawa. Hizo ni diatomu, mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho; zinakula silika, madini yaliyoyeyuka majini, nayo ikiisha zinaondoka zenyewe. Zisipoondoka, kagua maji unayojazia.

Mwani wa nywele umefunika mawe, lakini nikipima fosfeti (chakula cha mwani) napata sifuri. Kipimo kimeharibika?
Kipimo ni kizima. Kinasoma kilichobaki majini, na fosfeti yako iko ndani ya huo mwani. Naletewa swali hili kila mara, na kila mara mwulizaji hasemi analisha samaki kiasi gani wala maji anayatoa wapi. Bila hayo mawili siwezi kumsaidia mtu.

Anza kwa kung'oa kwa mkono, mpira wa kunyonyea maji ukiwa karibu na vidole ili vipande visisambae. Kila konzi unayoitoa inaondoka na fosfeti yake. Kisha punguza chakula, na taa ziwake kwa muda wa saa nane tu kwa siku. Mawe yaliyokaa kwenye maji machafu huachia fosfeti kwa miezi, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili. Konokono na samaki tasi, ambao hula mwani, waje baadaye, kutunza ulichosafisha. Tasi anataka tangi kubwa, na miiba yake ina sumu: usimshike kwa mkono mtupu.

Nachota maji ya bahari hapa Mombasa. Yanafaa?
Yanafaa, ukichota upande wa bahari wazi, maji yakiwa yamejaa, na siyo baada ya mvua kubwa. Hori ya Tudor na bandari ya Kilindini usichote kabisa. Na mawe ya miamba hai yaache baharini.

Nimefikisha naitreti na fosfeti, vyakula vya mwani, sifuri. Sasa kuna ute wa kahawia wenye viputo, ambao hupungua usiku, na konokono wanakufa.
Hiyo sifuri ndiyo iliyokuletea balaa. Dalili zako ni za dinoflajeleti, viumbe vidogo vya kuonekana kwa darubini tu, ambazo hushika tangi washindani wao wanapokufa njaa. Acha kubadilisha maji kwa sasa. Pandisha naitreti hadi miligramu 5 au 10 kwa lita, fosfeti hadi 0.05 au 0.1, halafu tafuta darubini, hata ya shule, ujue una aina gani. Ostreopsis hupanda majini usiku, kwa hiyo taa ya UV, inayoua viumbe kwenye maji yanayopita ndani yake, huzipata. Amphidinium hubaki mchangani, na taa hiyo utakuwa umeinunua bure. Watu wanaouza chupa za "kumaliza fosfeti" hawawaambii wateja habari hii, na inaniudhi.

Nikilitoa jiwe lenye zoanthidi (jamaa za matumbawe) nikalichemsha, mwani utakufa?
Usithubutu! Baadhi ya zoanthidi zina palitoksini, sumu kali sana, na mvuke wake unaweza kuua. Mwaka 2018 huko Steventon, Uingereza, familia ilipelekwa hospitali pamoja na baadhi ya waliokwenda kuwaokoa, baada ya tumbawe la tangini kutolewa na kusuguliwa. Liache ndani ya maji, vaa glavu na miwani, ng'oa mwani taratibu kwa kibano.