Spika ya Duka Ikigeuka Jirani: Nilivyopata Usingizi Tena

Nafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate kule Eneo la Viwanda. Nafika nyumbani mtaa wa Umoja, Nairobi, saa moja na nusu asubuhi hivi, naoga, nakunywa chai, nalala. Kwa miaka minne nililala vizuri. Kisha chumba cha mbele cha ploti yetu, kilichokuwa cha fundi viatu, kikakodishwa na mtu wa vyombo. Ukuta wa nyuma wa duka lake ndio ukuta wa chumba changu cha kulala.

Anayeishi Nairobi anaijua ile sauti. Mtu amerekodi maneno mara moja, akayaweka kwenye spika, yanazunguka kutwa: "Hamsini, hamsini! Bakuli hamsini, kikombe hamsini, chagua mwenyewe!" Siku moja nikiwa nimelala macho wazi niliangalia saa ya simu. Kila sekunde 12 yalirudi mwanzo. Katikati ya tangazo na tangazo palikuwa na muziki, na ule mdundo mzito nilikuwa nausikia kwenye godoro kabla haujafika masikioni.

Wiki ya tatu niliamka nikatoka na leso kiunoni, nikamfokea kijana aliyekuwa dukani mbele ya wateja. Alipunguza. Niliporudi kitandani akaongeza. Siku ya pili nilimwendea tena, na safari hii aliniangalia kwa huruma akasema, "Dada, mimi nimeandikwa tu. Mdosi, mwenye duka, akipita akute kimya, kesho sina kazi." Hapo ndipo nilipogundua nimekuwa nikigombana na mtu asiyeweza kunisaidia hata angetaka. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: uliza mwenye duka ni nani, na huja lini. Huyu wangu alikuwa anakuja Jumanne na Ijumaa jioni kuchukua hesabu.

Kabla ya kumwona, mama mmoja wa ploti, mtu mzima ambaye ameishi hapa kuliko sisi wote, alinishauri niandike. Nilinunua daftari la kurasa 48, nikaandika kwa siku tano: kelele imeanza saa ngapi, imeisha saa ngapi, ni tangazo au ni muziki, nilikuwa nafanya nini. Nakwambia kweli, lile daftari lilinifundisha mambo ambayo hasira ilikuwa imenificha. Lile tangazo la hamsini lilinikera, lakini halikuwa linaniamsha. Nilichoamka nacho kila mara ni mdundo, na mdundo ulikuja zaidi asubuhi kati ya saa mbili na saa tano, wakati ambapo wateja ni wachache na kijana anajiburudisha. Nilichokuwa nahitaji kikawa kitu kidogo kuliko "zima hiyo spika".

Ijumaa nilimngoja yule mzee mwenye duka akamaliza hesabu zake. Sikwenda na watu nyuma yangu. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni jirani wa ukuta huu, nafanya kazi usiku, na nina shida ningependa tuitatue sisi wawili kabla haijatoka nje. Alisikiliza. Kisha akanionyesha ng'ambo ya barabara: "Mama, yule pale ana spika mbili. Nikinyamaza, wateja wote wanavuka." Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Nilimwona kama mtu mkaidi, kumbe ni mtu anayeogopa kukosa kodi ya mwezi. Ukimwomba mfanyabiashara kitu kitakachompotezea mteja, atakukubalia mdomoni tu. Muombe kitu ambacho hakimgharimu mauzo.

Nilimwomba nione spika ilipo. Ilikuwa juu ya rafu ya mbao iliyopigiliwa misumari kwenye ukuta wangu, mgongo wake umeushika ukuta kabisa. Hii nataka uielewe vizuri, maana ndiyo iliyoniokoa. Sauti ya maneno hupita hewani, na mlango ukifungwa inapungua. Mdundo hupita ndani ya mbao, mawe na saruji, na ukuta mzima unageuka kuwa ngoma. Tulishusha ile spika, tukaiweka juu ya stuli karibu na mlango, imetazama barabara, na chini yake vipande viwili vya tairi kuukuu tulivyopata kwa fundi wa pancha. Mzee aliacha sauti palepale ilipokuwa. Nikaingia chumbani, nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umetulia.

Tukakubaliana pia muziki usichezwe kabla ya saa tano asubuhi, tangazo tu, na kila kitu kizimwe saa mbili usiku. Halafu tukavuka barabara pamoja kumwona yule mwenye spika mbili, kwa sababu mmoja hawezi kupunguza peke yake. Yeye alikubali saa mbili usiku tu, mengine akakataa. Nikachukua hiyo.

Hiyo saa mbili sikuitoa kichwani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mahali kama petu, penye makazi yaliyochanganyika na biashara, kiwango cha juu ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 55 mchana na 35 usiku. Nilipopima kwa programu ya simu nikiwa mlangoni pangu mchana, ilicheza kwenye 70. Simu si kifaa cha afisa na huwezi kuitegemea kama ushahidi, lakini jua kwamba kila desibeli 10 zinazoongezeka, sikio husikia kama kelele imekuwa maradufu. Mzee alipoona ile namba ikipanda na kushuka mbele yake, alielewa haraka kuliko maneno yangu yote.

Na ikiwa mwenye duka wako hataki kusikia? Anza na mwenye ploti, hasa kama duka na nyumba ni vya mtu mmoja, kwa sababu kodi yako pia anaitaka. Kisha mzee wa mtaa au ofisi ya chifu. Kisha kaunti: Katiba, katika Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na hao ndio wanaotoa leseni ya biashara. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao wako Popo Road, South C. Popote utakapokwenda, peleka barua yenye tarehe na saa kutoka kwenye daftari lako, sahihi za majirani, na nakala ya pili igongwe muhuri ubaki nayo. Barua isiyo na muhuri hupotea. Mahakama ipo pia. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinakuruhusu kushtaki bila kulazimika kuonyesha kwamba umeumia au umepata hasara. Ila hiyo ni njia ndefu, na jioni utakuwa bado unanunua maziwa karibu na mtu yuleyule.

Tafadhali usikate waya wa mtu, wala usimmwagie maji kwenye spika. Najua hasira hiyo, nimelala nayo. Lakini ukishaharibu mali yake, wewe ndiye utakayeitwa kituoni, na kelele itaendelea ukiwa huko.

Sahihi za majirani zina ugumu wake, niliwahi kuzijaribu mapema. Wawili walikataa kwa sababu hukopa vyombo pale na kulipa mwisho wa mwezi. Sikuwalaumu. Usimlazimishe mtu.

Desemba biashara ilipochangamka, kijana alirudisha spika ukutani apate nafasi ya kupanga ndoo. Nilienda siku hiyohiyo, kabla sijakosa usingizi wa siku ya pili, kwa sababu nimejifunza kwamba nikingoja nitaongea vibaya. Tulizisogeza ndoo pamoja. Vipande vya tairi vilikuwa vimetupwa, nikampa shilingi 50 akatafute vingine.