Koki ya bafuni inacheza: maswali yenu na majibu

Shikamoo fundi. Koki ya beseni la kunawia inacheza kila tukifungua maji. Naizungusha kwa juu inakaza, siku mbili imelegea tena. (Shangani, Mtwara)

Marahaba. Unapokaza sipo. Koki ya beseni inashikwa na nati iliyo chini, upande usiouona. Ukizungusha kwa juu unausokota mpira wa maji uliofungwa kwenye shingo yake, na siku mpira ukichoka mtaamka bafu limefurika.

Funga maji, fungua koki yatoke yaliyobaki ndani. Lala chali chini ya beseni na tochi ya simu, papasa shingo ya koki mpaka uifikie nati. Mtu mwingine aishike koki juu, mdomo ukielekea katikati ya beseni. Wewe kaza kwa vidole kufuata mshale wa saa, kama unavyoiona ukiwa huko chini. Ikigoma, ongeza robo mzunguko kwa spana. Nati ya plastiki usiilazimishe, hupasuka. Itazame na washa, ile pete ya mpira iliyo kati ya nati na beseni: ikiwa imekauka na kuchanika, utakaza leo na mwezi ujao utakaza tena. Weka mpya.

Mwanangu, hujambo? Nati ya koki yangu imeota kutu, haisogei kabisa. Nyumba iko karibu na bahari. (Lindi mjini)

Sijambo mama, shikamoo. Hewa ya chumvi inakula chuma haraka, na chini ya beseni hakukauki vizuri. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka mafuta ya kulegeza kutu, acha mpaka asubuhi. Kisha legeza kidogo, rudisha kidogo, legeza tena. Nakuomba nyundo isisogee hapo, beseni la kauri likipata ufa halina dawa. Ikikataa, fundi aikate kwa msumeno wa chuma. Nenda dukani na nati ya zamani mkononi, uombe ya shaba ya kipimo hicho hicho.

Naweza kuzungushia silikoni tu? (Masasi)

Hapana. Silikoni inazuia maji kupenya chini ya koki, haibebi koki. Kaza kwanza.

Fundi, bomba la ukutani la bafuni linatikisika na plasta inamomonyoka. Nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa. (Mikindani)

Hili ndilo linalonipa wasiwasi. Niliwahi kuliona hukohuko Mikindani: nilipotia kidole pembeni ya bomba, chokaa ilitoka kama unga wa muhogo. Koki ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinacheza ni elbo, kile kiungo cha bomba kilichopinda, ndani ya ukuta; haikufungwa popote, ilishikwa na plasta peke yake. Kila mtu akifungua maji, anaivuta.

Usikaze koki. Nguvu yote itaingia kwenye elbo, na maji yatavuja ndani ya ukuta bila wewe kujua. Chimba plasta taratibu mpaka uione elbo, uifunge kwa klampu kwenye jiwe lenyewe. Koki ikibidi kutoka, spana moja ishike elbo, nyingine izungushe koki, kisha uirudishe kwa tepu nyeupe mpya. Kuziba, tumia chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu mno kwa ukuta huo, itabanduka kipande kizima. Lakini kabla ya kuziba, fungulia maji nusu saa, ukipapasa kila kiungo kwa mkono mkavu.