Wasomaji Wanauliza: Superman wa kwanza ni wa kuchekwa?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi na beshte yangu tumekuwa tukisoma hadithi za kwanza kabisa za Superman na yeye ni kucheka tu mwanzo mpaka mwisho, ati jamaa hata kupaa hajui anaruka tu kama panzi, na maadui wake ni wazee wa tai na suti, hakuna hata jitu moja kutoka sayari ingine. Mimi zinanigusa. Nani ako sawa?
Msomaji, Kayole

JIBU: Salama sana ndugu yangu. Hiyo ya panzi mwambie si matusi, komiki yenyewe ilisema hivyo! Jarida la Action Comics namba 1, Juni 1938, ambapo Superman alianzia, ukurasa wa kwanza, nguvu zake zinaelezwa kwa mfano wa chungu na panzi, anaruka moja ya nane ya maili, hiyo ni kama mita 200, na kuvuka jengo la ghorofa 20. Kupaa kulikuja baadaye. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana tu wa Cleveland, na haki zote waliuza dola 130, hapo ndio mimi huumia kila nikikumbuka.

Sasa hao wazee wa suti, hapo beshte yako amepitwa na utamu wote. Namba 1 Superman anavunja mlango wa chuma kwa gavana usiku ndio aokoe mama aliyehukumiwa kifo bila kosa, halafu anaenda kumnyoosha mwanaume anayepiga bibi yake. Namba 3 ni mwenye mgodi asiyejali usalama wa wafanyakazi, Superman anamfungia chini pamoja na wageni wake wa pati, wamevaa vizuri hivyo, wanachimba kwa jasho mpaka tajiri anakubali kurekebisha mgodi. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mjengo hapa Nairobi bila helmeti ataisoma hiyo akishangilia, na jitu la sayari ingine halingekupea hiyo raha.

Lakini kama anataka kukosoa kwa ukweli, mpe namba 8. Vijana wa mtaa duni wanaiba, Superman anaona shida ni zile nyumba mbovu, basi anaambia watu watoke na anaanza kubomoa mtaa mzima kwa mikono, jeshi linakuja na ndege zinaangusha mabomu na yeye anayatumia kumaliza kazi, alafu serikali inajenga maghorofa mapya. Mwaka 1939 huo. Nia ilikuwa nzuri, lakini sisi tuliona mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru hapa Nairobi 2024 baada ya mafuriko, tingatinga likipita na watu wamebaki nje na magodoro na watoto, na tunajua kati ya kubomoa na hilo ghorofa jipya kuna usiku mwingi sana ambao komiki imeruka. Hao wapangaji walilala wapi? Hiyo hadithi inanikasirisha, na hapo siwezi kumtetea Superman.

SWALI: Na Lois Lane wa hizo hadithi za Superman, alikuwa wa kuokolewa tu siku hizo?
Msomaji wa kike, Rongai

JIBU: Hapana dada. Ni mwandishi wa gazeti tangu toleo la kwanza, na kwenye densi jambazi akimlazimisha kucheza naye Lois anamzaba kofi, wakati Clark Kent, yaani Superman mwenyewe akijificha kama mtu wa kawaida, amejifanya mwoga. Kweli baadaye anatekwa na anaokolewa, lakini kesho yake anaenda kwa mhariri kuripoti alichokiona kwa macho yake, na mhariri anamchukulia kama mtu aliyelewa. Hapo nilikasirika kwa niaba yake, kwa sababu alikuwa na stori kubwa kuliko zote mjini na hakuna aliyemsikiliza. Kama unaanza kusoma, anza na hiyo ya kwanza, na umfuate Lois kuliko huyo wa joho.